Jaribio Lililorukwa

Jumanne, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono, na kabla hujaanza kuucheka mwandiko wangu, kumbuka ni wewe uliyesema simu za kazini zina masikio na barua pepe zina macho. Basi nimekutii. Bahasha hii itapanda basi la jioni na mkaza mjomba ataichukua kesho ofisi ya vifurushi. Mwambie asiniite bahili, biskuti zake nitaweka safari nyingine.

Hali yako? Mkono wa sindano bado unavimba? Usinijibu "sijambo" kama mtoto anayemjibu mwalimu darasani. Nijibu kweli.

Mimi nimekalia kiti chako. Kiti chako chenyewe, kile chenye mguu uliofungwa waya. Ofisi ilipohamia mji huu walikibeba hicho hicho, wamekataa katakata kuninunulia kingine. Na ile karatasi yako ya ukutani nimeibandika upya mbele yangu, ile amri uliyoiandika kwa kalamu nyekundu:

jaribu --ruka=ndefu --kimya

Chini yake umeandika: "Kila asubuhi, kabla ya chai." Nami kila asubuhi kabla ya chai naichapa. Kompyuta inaipima programu ya mashine ya kusafisha damu, jaribio moja baada ya jingine, dakika kumi na moja, halafu inaandika kwa kijani: Yamepita 412. Yameshindwa 0. Meneja anapita nyuma yangu, anaona kijani, anapiga mluzi, anakwenda zake.

Sasa nina swali la kijinga. Jana meneja hakuwepo, uvivu ukanishika, nikayahesabu majaribio yaliyomo kwenye folda. Yapo 413. Nikahesabu tena kwa kidole. 413. Hilo moja linakwenda wapi? Najua --ruka ni kuruka na --kimya ni kuiambia kompyuta isitaje kilichorukwa, hayo ulinifundisha wewe. Ninachouliza ni tumeruka nini, na kwa nini isitajwe?

Nauliza kwa sababu tarehe 31 cheti cha mashine kinakwisha, na safari hii karatasi ya kuthibitisha kwamba majaribio yote yamepita inataka sahihi yangu, si yako tena. Neno "yote" wamelipigia mstari.

Mpwa wako,
Chiriku


Alhamisi, 6 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Mwandiko wako ni kama kuku kapita kwenye majivu, lakini nimeusoma. Wangu nao utauvumilia. Mkono wa kulia umefungwa kwenye mashine, naandika kwa kushoto.

Niko hapa hapa wodini, kiti cha sita. Zamu yetu tuko wanane, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kila mara kwa muda wa saa nne. Damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Kiti cha saba yupo Mwalimu, mstaafu, mtu wa maneno mengi kukushinda hata wewe. Ananisahihisha Kiswahili hadi ninapokohoa. Juzi alinitania kwamba naiangalia mashine kama mtu anayemwangalia mkwe. Hajui kwamba ni mimi niliyeipima kabla haijafika hapa. Nimemwambia nilikuwa fundi wa redio.

Swali lako wala si la kukunyima usingizi. Hilo ni jaribio la 207. Ni refu, linataka saa nne kamili, maana saa iliyomo ndani ya mashine haiharakishwi. Nani atakaa saa nne kila asubuhi? Meneja alitaka majibu kabla ya chai, tukaliruka. Wote wa kazi yetu hufanya hivyo. Weka sahihi, unywe chai yako.

Mkono umevimba kidogo. Ukweli ndio huo.

Mjomba wako


Jumatatu, 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliendesha.

Jumamosi ofisi ilikuwa tupu. Nikawasha ile mashine ya mezani, yenye maji mekundu badala ya damu, nikaandika jaribu --pekee=207, nikakaa na karanga zangu. Kila dakika mbili jaribio linapenyeza kiputo cha hewa kwenye mrija, na mashine inatakiwa kupiga kengele na kusimama. Nilisikia kengele hadi masikio yakazoea. Dakika ya 226, ikalia. Dakika ya 228, kimya. Ya 230, kimya. Nilikiona kiputo kwa macho yangu, Mjomba, kinapita taratibu kwenye mrija kuelekea kwa mgonjwa ambaye hayupo, na mashine inaendelea na kazi yake kama hakuna kitu. Mpaka saa nne zinatimia haikulia tena. Ikaandika kwa nyekundu: Yameshindwa 1.

Jumapili nimerudia. Yale yale. Kuna namba ndani ya programu inayohesabu muda, ikijaa inarudi sifuri, na ikirudi sifuri kengele ya hewa inadhani matibabu hayajaanza. Dakika kumi na mbili za mwisho hakuna mlinzi. Na hewa ikiingia kwenye damu inaua. Sikusoma popote, ulinifundisha wewe wiki yangu ya kwanza, ukaniapisha.

Leo nimemwambia meneja. Akaniuliza, "Hiyo amri umeitoa wapi? Tumia ya ukutani." Nikamwambia basi turekebishe. Akasema tukigusa herufi moja tu tunaanza upya kuomba cheti, na yeye hana huo muda. Nafikiria kuwaandikia Mamlaka ya vifaa vya hospitali mimi mwenyewe.

Mama alikalia mashine hizo hizo, miezi minane. Siku ile mimi nilikuwa kwenye mitihani na wewe ulikuwa umetoka kumnunulia maji. Sijawahi kukuuliza mengi, nilikuonea huruma. Lakini sasa wewe ndiye uko kwenye kiti. Tafadhali, kesho dakika za mwisho mwambie sista asibanduke.

Chiriku


Alhamisi, 13 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilimwambia sista. Nikasema, "Binti yangu, dakika za mwisho muwe mnaitazama mirija." Akanijibu, "Mzee, tuko wawili na nyinyi wanane, dakika za mwisho ndipo tunapokosa hata pa kuweka mikono." Hakunijibu kwa ubaya. Basi naitazama mwenyewe, wangu na wa Mwalimu. Ya wengine siioni kutoka hapa.

Sasa nisikilize vizuri, na usinijibu haraka kama kawaida yako. Ukiwaandikia Mamlaka, wiki hiyo hiyo watakuja kuzifunga hizi mashine. Na hospitali hii haina nyingine. Zilizo karibu ni mwendo wa siku moja na nusu, na huko kuna watu wanasubiri kuanzia mwaka jana. Mtu kama mimi bila mashine ana siku kumi. Kumi na nne, akiwa na bahati na akijizuia kunywa. Mimi, Mwalimu, mama wa kiti cha nne anayefuma masweta ya wajukuu, wote wanane. Si hewa itakayotuua, ni karatasi yako.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Weka sahihi tarehe 31, kisha mrekebishe kimya kimya. Miaka hii yote tumekaa na dakika hizo kumi na mbili na hakuna lililotokea.

Nakuomba. Si desturi yangu kukuomba kitu, unajua.

Mjomba wako


Jumatatu, 17 Machi

Mjomba,

Kompyuta huandika kila amri inayopewa, na nani kaiandika, na saa ngapi. Wewe ndiye uliyeipangia ifanye hivyo, ukajisahau. Nimezisoma za nyuma zote.

Tarehe 9 Juni, mwaka juzi, amri ilikuwa jaribu --zote. Majibu yakatoka saa kumi na dakika tano jioni: yamepita 412, yameshindwa 1. Siku hiyo hiyo, saa kumi na dakika kumi na mbili, imeandikwa --ruka=ndefu. Na muda mfupi baadaye ikaongezwa --kimya. Mwendeshaji wa zote ni wewe. Meneja wakati huo alikuwa bado hajaajiriwa, nimeangalia.

Kwa hiyo uliiona nyekundu. Hukuliruka kwa sababu ni refu. Uliliruka kwa sababu lilishindwa. Na kati ya saa kumi na dakika tano na saa kumi na dakika kumi na mbili kuna dakika saba. Ulikuwa unafikiria nini dakika saba hizo?

Halafu kuna jambo jingine. Sanduku la mama ninalo mimi. Jana nimelifungua, nikatoa karatasi ya matibabu ya siku yake ya mwisho, Februari mwaka jana. Alianza saa mbili na dakika kumi asubuhi. Wameandika amefariki saa sita na dakika moja mchana, sababu moyo.

Nimehesabu mara nne, Mjomba. Ni dakika ya 231.

Umeniambia hakuna lililotokea. Niambie tena, ukiniangalia usoni kwenye karatasi hii. Ulijua?

Chiriku


Alhamisi, 20 Machi

Chiriku,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mwalimu ananiuliza namwandikia nani hadi nalowesha karatasi. Nimemwambia jasho.

Hakuna aliyenituma. Nilifanya mimi.

Nyekundu ilipotokea, simu ililia. Alikuwa dada, mama yako. Miguu ilikuwa imemvimba hadi anavaa ndala zangu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hizo mashine zinakuja lini?" Hizo ndizo dakika zako saba. Mashine zilikuwa zimeshapakiwa uani, zinangoja kupelekwa hospitali. Nyekundu ile ingezirudisha ndani miezi mitatu, na dada hakuwa na hata wiki tatu. Nikamwambia, "Jumatatu, dada." Nikakata simu nikaandika --ruka=ndefu. Kompyuta ikaonyesha: limerukwa 1. Nikaona wakubwa watauliza hilo moja ni lipi. Nikaongeza --kimya.

Nilisema nitalirekebisha baada ya wiki moja. Fundi niliyemtegemea akaacha kazi. Kisha ikaja karatasi ya sahihi, nikasaini, na nilipokwisha kusaini sikuwa tena na mdomo wa kumwambia mtu.

Nilimlinda, Chiriku. Miezi yote minane, kila zamu yake, saa tano na nusu niliacha kazi nikaenda kukaa naye dakika za mwisho, jicho kwenye mrija. Yeye alidhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi, ila ndani yake mlikuwa na woga mtupu. Siku ile akaniambia koo limekauka, anataka funda moja tu. Nikaangalia saa. Ilikuwa dakika ya 226. Nilijua ni ya ngapi. Duka liko pale mlangoni. Nikasema dakika mbili tu. Nikakuta watu watatu mbele yangu.

Niliporudi sista alikuwa juu ya kifua chake. Mrija walikuwa wameshaufunga, sikuona kitu. Waliandika moyo. Huenda ulikuwa moyo kweli. Sijui, na sitajua mpaka naingia kaburini, na mwaka huu ndio nimeanza mimi mwenyewe kukaa kwenye mashine ile ile, maana figo za ukoo wetu ndizo hizo.

Nilikuomba unyamaze kwa ajili ya watu wanane. Huo ulikuwa ukweli nusu. Naogopa kufa. Na zaidi ya kufa niliogopa siku hii, wewe kujua.

Fanya utakaloona.

Mjomba wako


Ijumaa, 21 Machi

Mjomba,

Leo sina shikamoo.

Nimewaandikia Mamlaka. Nimeambatanisha majibu ya 207, tarehe zote, amri zote, jina lako na langu. Nimetuma kabla ya chai, kabla hasira haijapoa, kwa sababu najijua, ingepoa ningeanza kukuhurumia.

Ulinipa mama miezi minane. Najua. Nilimkuta likizo ananenepa, anacheka, nikakushukuru kwa magoti. Ungeniambia ningekaa naye mimi. Ningeacha mitihani, ningekaa pale na jicho kwenye mrija na nisingetoka hata kama moto unawaka. Hukunipa nafasi hiyo. Uliamua peke yako, ukachoka peke yako.

Usinijibu.

Chiriku


Ijumaa, 28 Machi

Mpwa wangu,

Hukuniamkia, lakini mimi naitikia. Marahaba.

Walikuja Jumatano, watu wawili, wakabandika karatasi yenye mhuri kwenye kila mashine. Jana ilikuwa zamu yetu. Tulikuja wote wanane, kana kwamba karatasi itakuwa imebanduka yenyewe. Viti vipo, mashine zipo, masista wamesimama hawana la kushika. Mwenye kiti cha pili mwanawe ana gari, kampeleka kwenye zile mashine za mbali kubahatisha, na mama wa masweta wamemchukua. Gari halikuwa na nafasi nyingine. Tumebaki sita.

Mwalimu aliuliza ni nani aliyeandika. Sista akasema ni mtu wa huko huko kiwandani. Mwalimu akanyanyua mikono yake yote miwili akasema, "Aliyetufanyia haya, Mungu amfikishe siku yake ya mwisho na asiwe na wa kumshika mkono." Wenzangu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, Chiriku. Kwa sauti. Ningenyamaza wangeniangalia.

Sikuikusudia. Lakini nimeitamka na siwezi kuirudisha mdomoni, kwa hiyo nakuambia mwenyewe kabla hujaiota.

Ulifanya sawa. Naandika leo ningali na akili zangu, maana wiki ijayo nikizidiwa naweza kusema mengine, na hayo usiyasikilize.

Mkaza mjomba wako hajui lolote. Anadhani mashine zimeharibika tu. Nimemwacha hivyo.

Mjomba wako


Jumapili, 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo ya leo na ile niliyokunyima.

Meneja amesimamishwa. Mamlaka wamesema tukirekebisha, na 207 likipita mara tano mfululizo kwa saa zake kamili, watazifungua mashine. Mara tano, yaani saa ishirini, na likishindwa mara moja tunaanza tena moja. Niko hapa na fundi mpya, mtu wa makamo, mpole, hajui kwamba nina mtu wangu kwenye kiti. Tulirekebisha Alhamisi, tukangoja saa nne, likashindwa dakika ya 228. Tukarekebisha tena Ijumaa, likashindwa dakika ya 232. Kila tukikosea tunajua baada ya saa nne. Natembea nazunguka meza kama kuku anayetaka kutaga.

Jana fundi kaniambia, "Dada, kwa nini tuteseke? Tuianzishe saa ya mashine kwenye dakika ya 220. Tunangoja dakika ishirini, tunaandika kwamba ni saa nne. Mamlaka hawatajua." Nilitaka kusema ndiyo, Mjomba. Nilitaka kwa moyo wangu wote. Maana akifanya hivyo mashine zinafunguliwa Jumatano, na tukienda kwa saa kamili sijui ni lini.

Nimeelewa sasa ulivyokaa dakika saba. Sisemi nimekusamehe. Nasema nimeelewa, na sikupenda kuelewa.

Niambie nifupishe. Ukiniambia, nitafupisha, na wala sitakulaumu. Neno moja tu litatosha. Na uniambie kweli unaendeleaje, miguu, pumzi, kila kitu.

Mpwa wako,
Chiriku


Alhamisi, 3 Aprili

Chiriku,

Marahaba.

Mkono wa kulia uko huru siku hizi, lakini unatetemeka kuliko wa kushoto. Nitasema machache.

Usifupishe. Mkifupisha hamtajua kama mmeponya au mmeficha, na atakayekaa kiti cha sita baada yangu atakuwa na mtu wake naye amekaa anamngoja. Ngoja saa nne. Zote tano.

Mwalimu amefariki jana. Nilikwenda kwake juzi, nikataka kumwambia ni mimi, si wewe. Alikuwa amelala na mdomo wazi. Nikamwambia hivyo hivyo. Sidhani kama alisikia.

Mimi sijambo.

Mjomba wako


Jumatatu, 7 Aprili

Mjomba!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Limepita!

Nilipoisoma barua yako nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia hadi mlinzi akaniletea kiti. Kisha nikapanda juu nikamwambia fundi: saa nne kamili, zote tano, anayechoka aende nyumbani. Hakwenda. Siku hiyo hiyo tukaipata kasoro, ilikuwa mahali pawili na sisi tulikuwa tunaziba mahali pamoja tu. Usiku wa Ijumaa hiyo likapita mara moja. Jumamosi mara mbili. Jana mara mbili. Dakika ya 228, kengele. Ya 230, kengele. Mpaka ya 240, kengele! Sijawahi kupenda kelele kiasi hiki. Halafu nikaandika jaribu --zote, bila kuruka, bila ukimya, na kompyuta ikaandika: Yamepita 413. Karatasi yako nyekundu nimeibandua ukutani nikaiweka mkobani mwangu.

Mamlaka wamesaini leo asubuhi. Jumatano fundi anafika hapo kuweka programu mpya na kubandua mihuri. Alhamisi tarehe 10 ni zamu yako. Saa mbili asubuhi uwe pale mlangoni, hata kama ni kwa kubebwa. Zimebaki siku tatu. Usinywe maji, lambalamba tu kipande cha barafu. Usile ndizi. Ukichoka kulala, kaa. Siku tatu, Mjomba, umeshavumilia kumi na tatu.

Nampigia mkaza mjomba simu tangu jana, haipokelewi. Mwambie aniite majina yote anayotaka lakini apokee.

Nakuja Jumamosi. Bado sijakusamehe, nakuambia mapema. Nataka nikugombeze kwanza, nikukalishe chini nikugombeze hadi sauti inikauke, halafu nikusamehe tukiwa tumekaa pamoja. Uwe na nguvu ya kugombezwa.

Mpwa wako,
Chiriku


Ijumaa, 11 Aprili

Chiriku,

Mjomba wako alifariki Jumanne saa sita mchana. Barua yako ya Jumatatu niliikuta ofisi ya vifurushi jioni ya Jumanne hiyo hiyo, nilipokwenda kupokea ndugu waliokuja msibani. Hakuisoma. Nimeisoma mimi.

Nilipoisoma sikuelewa, nikazitafuta nyingine. Zilikuwa chini ya godoro lake, upande wa ukutani. Nimezisoma zote ulizomwandikia. Zote nilimletea kwa mkono wangu, nilidhani unampa pole.

Alikuwa ananiambia mashine zimeharibika. Kumbe ziliharibiwa na wewe. Umeandika mwenyewe kwamba ulituma kwa hasira, kabla haijapoa. Ungesubiri ipoe, Chiriku. Mtu mzima husubiri hasira ipoe. Unamlaumu kwa kifo cha mama yako, yeye aliyekuwa akiacha kazi zake kila zamu kwenda kukaa na dada yake. Hata mimi mkewe hakunikalia vile.

Na ile ya tarehe 30 nimeisoma mara nyingi. Ulimwambia akitamka neno moja tu utafupisha. Alichokujibu sikukiona, lakini sihitaji kukiona. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Usiku hakuweza kulala chali, alikaa ameegemea ukuta anatafuta pumzi, na alikuwa ananishika mkono hivi hadi kucha zinaingia. Mtu wa hali hiyo anajibu nini? Alikuomba ufupishe, nawe ukaendelea na saa zako nne nne, mara tano, na kengele zako za kushangilia. Ungefupisha, zingefunguliwa Jumatano ile. Umeandika mwenyewe.

Jana saa tatu asubuhi sista alipiga simu. Anauliza mbona kiti cha sita hakina mtu, mashine zimewashwa na wenzake wawili waliobaki wameshafungwa. Nikamwambia wampe mwingine.

Umesema unakuja kesho. Usije. Tumemzika juzi. Sikukuambia, na nilifanya makusudi.

Mke wa mjomba wako